Tupa Iliyometa

Kitendawili.

Wewe uliyeshika karatasi hii, sema "tega", hata kama uko peke yako.

Ana meno mwili mzima na hajatafuna hata tonge. Kazi yake kuwatia wenzake makali. Akiwa mweusi yu hai. Akianza kumeta, mzike.

Fikiri. Ukishindwa nipe mji, wala usinipe Mombasa yenyewe, hiyo wajukuu wangu wameshanipa mara mia. Nipe Jomvu Kuu. Nipe njia ile ya kwendea Jomvu Kuu, niipite tena japo mara moja kwa roho nyeupe.

Hujui? Hata mimi sikujua, na nilikuwa mke wa mtu aliyekula kwa kitu hicho. Ni tupa. Tupa ya pembe tatu, ya kunolea msumeno.

Mume wangu Nzai alikuwa mpasua mbao. Siku hizi mashine hulia kidogo tu mti ukalala. Mwaka ule wa arubaini na tatu mbao zilipasuliwa kwa mikono. Nyuma ya nyumba yetu Changamwe palikuwa na shimo lenye kina kupita kimo cha mtu. Gogo lililazwa juu ya shimo, kwenye mihimili miwili, likazuiwa kwa kabari. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine akaingia shimoni, na msumeno mrefu ukawa katikati yao, huku unapandishwa, huku unavutwa. Wa juu alikuwa Nzai. Wa chini alikuwa Mwidani, mtu wa Jomvu Kuu, mwembamba, mcheshi, kope zake nyeupe kwa unga wa mbao kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Kwao wawili kunoa ilikuwa kazi ya wa chini. Walisema anayekula unga ndiye ajuaye meno. Unga ukimshukia mnene kama chenga za mchele, msumeno unakula. Ukimshukia laini kama poda, meno yamekufa, na hapo Mwidani alipanda juu, akaubana msumeno kwenye kigogo, akatoa tupa.

"Wee Mwidani," Nzai alimwambia, "meno ya huu msumeno yamekuwa kama ufizi wa bibi yako."

"Bibi yangu alitafuna korosho mpaka siku ya kufa kwake. Usimtukane kwa msumeno wako."

Nikawasikia wakicheka, nami jikoni nacheka. Miaka saba walifanya kazi hivyo, Mkristo na Mwislamu. Krismasi Mwidani alikuja na mkewe Mwanarehema, Idi sisi tukaenda kwao kula pilau. Mwanarehema na mimi tuliitana mwenzangu, na tulipokwenda kisimani tulishikana mikono kama wasichana.

Tupa mpya ilikuwa na sauti yake. Ililia kre, kre, kama panzi, na kila mkwaruzo uliacha vumbi la chuma juu ya kidole. Tupa ikichakaa ilipita juu ya jino kama ulimi. Mwidani hakuitazama, aliinamisha sikio. "Bado inasema," alimwambia Nzai. Au: "Imekonda sauti, itatuacha mwezi huu."

Mwaka ule wa vita tupa hazikupatikana. Manowari zilijaa Kilindini, ndege zilipita juu yetu kutwa, lakini madukani rafu zilikuwa tupu. Tupa moja ungeweza kubadilisha kwa mbuzi mwenye mimba. Nzai alikuwa na moja tu mpya, ya akiba. Aliifutika ndani ya mwanzi, akauchomeka darini juu ya kitanda chetu. Walioijua walikuwa watatu: yeye, mimi, na Mwidani.

Sasa sikiliza kosa langu.

Sisi watu wa bara ya Mombasa hatutupi chuma. Tupa ikifa hupelekwa kwa mhunzi, ikafuliwa kotama, kile kisu cha mgema cha kukatia kilele cha mnazi tembo litoke. Hakuna kotama nzuri kama ya tupa. Baba yangu, mzee Randu, alikuwa mgema, na kotama yake ilikuwa imeliwa mpaka ikabaki kama ukucha wa mwezi. Alikuwa amemwomba mkwewe tupa mbovu tangu mvua za mwaka uliopita.

Asubuhi moja Nzai akaniambia, akiwa mlangoni, mguu nje, "Nyamvula, baba akija leo mpe ile tupa iliyokufa. Nimeitia kwenye mwanzi pamoja na ile nyingine. Nzima iache."

"Abee," nikasema. Sikuuliza ipi ni ipi. Mke wa fundi aulize nini?

Baba akaja, tukaamkiana, nikampa maji. Nikapanda kitandani nikauteremsha mwanzi, nikazimimina tupa mbili mkekani. Moja ilikuwa nyeusi nyeusi, ina grisi, imeshika vumbi la makuti, chafu ya kutapisha. Nyingine ilikuwa inameta kama samaki aliyetoka majini.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu nitambae, mama alinifundisha kusugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka nione uso wangu ndani yake. Kizuri humeta. Kilichochoka huwa cheusi. Nani angeniambia kwamba kwa tupa mambo ni kinyume, kwamba kumeta kwake ni ule uso wa meno yaliyokwisha kusagika?

Nikampa baba ile chafu. Hata nilimwomba radhi kwa uchafu wake. Ile iliyometa nikaipangusa kwa kitambaa, nikairudisha kwenye mwanzi kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto.

Wiki mbili zikapita. Walikuwa na gogo la mbambakofi, mti mgumu usio na huruma, na lori la tajiri wa mbao lilikuwa lije kuchukua mbao Ijumaa. Jumatatu nikamsikia Mwidani kule nyuma.

"Imenyamaza, Nzai. Sikiliza mwenyewe. Haisemi tena. Lete ile mpya."

Nzai akaingia ndani, akauteremsha mwanzi. Akatoka hadi ukumbini kwenye mwanga. Akaigeuza tupa, akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukateleza. Kisha akaniita.

"Nyamvula. Tupa yangu mpya iko wapi?"

"Si hiyo?" nikasema.

"Hii ni maiti. Ile mbovu ulimpa baba?"

"Nilimpa."

"Basi hii ni mbovu nyingine. Kuna mtu ameweka maiti akachukua mzima." Akatazama kule shimoni. "Na mwanzi huu twaujua watatu."

Wallahi, wakati ule sikuelewa bado. Kweli nilidhani nimempa baba mbovu.

Nzai akaenda mpaka ukingoni mwa shimo. Nilimfuata. Mwidani alikuwa ameketi juu ya gogo, msumeno umebanwa tayari, anangoja.

"Mwidani, tupa yangu iko wapi?"

Yule akacheka, akifikiri ni utani. "Nimemlisha bibi yangu, ametaka kutia meno."

"Sichezi. Tupa yangu iko wapi?"

Kicheko kikamtoka usoni taratibu. "Nzai, unaniuliza mimi?"

"Alijua nani mwingine?"

"Wallahi sijaigusa."

"Mungu mwache alipo. Twende ukale kiapo cha shoka. Shoka likitiwa moto, muongo huungua mkono."

"Mimi Mwislamu, sili viapo vya kaya za wazee wenu. Nitaapa kwa msahafu, msikitini kwetu, mbele ya mzee yeyote unayemtaka. Lakini uliza vizuri. Miaka saba unaniuliza kama mwizi wa kuku?"

Nzai hakuomba radhi. Na mimi nikasimama pale, mikono kiunoni, nikawatazama kama niko sokoni.

Nilidhani Mwidani angekwenda zake. Hakwenda. Alisema nikiwa nasikia: "Nikiondoka leo watasema nimekimbia na tupa. Gogo hili tutalimaliza, kwa hii hii iliyokufa. Mwizi hufanya hivyo?"

Akaketi kunoa. Ee Mola, sauti ile. Haikuwa sauti. Ilikuwa ss, ss, chuma kinalamba chuma. Alikaza mkono mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na kadiri alivyokaza ndivyo meno yalivyozidi kuviringika. Tupa iliyokufa hainoi, hulainisha. Jino moja likawa refu, la pili fupi, na msumeno wa namna hiyo haufuati mstari, huuma pembeni ukanasa.

Jumatano alasiri baba yangu akaja na kotama mpya. Alikuwa amefurahi kama bwana arusi.

"Mwanangu, mumeo ana moyo! Tazama. Mhunzi kaniambia chuma hiki hakijafanya kazi hata siku moja. Kaniuliza, mzee, una wazimu, wafua kotama kwa tupa bikira? Nikamwambia, mkwe wangu ndivyo alivyo."

Akaitoa kiunoni, akanipa. Karibu na mpini mhunzi alikuwa ameacha kipande bila kukifua, baba asiteleze mkono. Meno ya tupa yalikuwepo pale, yamejipanga. Nikapitisha kidole. Yaliniuma.

Hapo ndipo nilipojua.

Nyuma ya nyumba msumeno ulikuwa ukikwama, ukitoka, ukikwama. Hawakutaniana. Siku tatu hawakuwa wamesemezana ila "vuta" na "acha".

"Baba," nikasema, "usimshukuru Nzai leo. Amechoka. Nitamwambia mimi."

Akanibariki, akaenda zake. Nami nikajiambia: nitasema kesho. Nikajiambia tena: nitasema Ijumaa, lori likishaondoka, moyo wa Nzai ukiwa umetulia. Niliogopa nini? Sikuogopa kupigwa, Nzai hakuwa mtu wa kupiga. Niliogopa aibu. Amemwita rafiki yake mwizi mbele yangu, na mwizi mwenyewe ni ujinga wa mkewe. Niliiona aibu hiyo kubwa kuliko kitu chochote duniani. Ulikuwa utoto, lakini utoto nao una hesabu yake kwa Mungu.

Alhamisi asubuhi walibakiza mpasuo mmoja. Nilikuwa napepeta mchele wa kadi ya mgao, ule wenye mawe. Nikasikia msumeno umenasa. Nikasikia Nzai, "Vuta!" na Mwidani kutoka chini, "Umeuma, haushuki! Unatoka nje ya mstari!" Nzai akaukanyaga kwa uzito wake wote. Mwidani naye akajining'iniza. Msumeno wenye makali usingetaka nguvu zile. Kabari ya upande wa barabarani ikaruka. Niliiona ikiruka, ikaanguka karibu na kuku. Gogo likageuka polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Nzai alirukia pembeni. Wa chini hana pembeni.

Watu wa reli waliofanya kazi karibu walikuja kusaidia kuliinua. Mwidani alikuwa bado anapumua. Unga ulikuwa umemfunika uso, laini kama poda. Nzai aliuondoa kwa kiganja, na Mwidani akafumbua macho akamtazama. Akasema, "Tupa..." Hakumaliza. Tulimpeleka Jomvu Kuu kwa machela, njia nzima jua linachoma, na kabla hatujafika msikitini Nzai, aliyeshika mbele, alisimama bila kugeuka. Alijua kwa uzito.

Walimzika alasiri ile ile. Nami bado sikusema. Nikisema leo, nitakuwa nimemuua mara ya pili, nilijiambia. Nzai hakusema pia. Alilifukia shimo peke yake kwa jembe, siku nne. Usiku aliugeuza ule mwanzi mikononi, akautazama ndani, mtupu.

Siku ya arubaini tulikwenda hitima. Watu walipokwisha kusoma na kula wakatawanyika. Mwanarehema alikuwa edani, nyuma ya pazia la chumba, na mimi nilikaa naye ndani, goti kwa goti. Nzai aliketi ukumbini, kofia mkononi, akisubiri tuondoke. Ndipo Mwanarehema akapaza sauti, akimsemesha kupitia pazia.

"Shemeji Nzai."

"Naam, mama."

"Nina wana wawili. Wenzao wanawaambia njiani baba yao alikufa na tupa ya watu. Marehemu alikuja nyumbani Jumatatu ile, hakula. Nikamuuliza una nini, akaniambia Nzai kaniuliza swali. Nami nataka unijibu wewe, kwa kuwa yeye hakujibiwa. Mume wangu alikuwa mwizi?"

Nikasikia kofia ya Nzai ikigeuzwa vidoleni. Nilimjua mume wangu. Alikuwa hawezi kusema ndiyo kwa sababu alimpenda, wala hawezi kusema siyo kwa sababu tupa haikuonekana.

"Sijui, mama," akasema. "Kila siku najiuliza. Tupa yangu iko wapi?"

Mwanarehema akauachia mkono wangu ili ajifute macho. Kilikuwa kitu kidogo tu, mkono kuachiwa, lakini nilihisi kama nimeachwa shimoni.

"Iko kiunoni mwa baba yangu," nikasema. "Ni kotama. Nilimpa mimi, niliona ile nyingine inameta."