Msasa wa Hamidu

Kwa miaka miwili Zaitun alikuwa akikata miguu ya viluwiluwi katika maabara ya chuo kikuu kimoja Dodoma. Kiluwiluwi mchanga akikatwa mguu, baada ya wiki chache anaota mwingine, vidole na vyote. Aliyekomaa haoti kitu. Jeraha hufungwa na kovu. Zaitun alitaka kujua sababu, akawa anafuatilia jeni za kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mifupa. Kwa wachanga zilifanya kazi kwa kiasi, kisha zikatulia. Kwa waliokomaa hazikutulia, zikaendelea kujenga kovu.

Kaka yake, Hamidu, alikuwa seremala Kizota. Mwezi wa tatu msumeno wa umeme ulimkata mkono wa kushoto kwenye kifundo. Alipotoka hospitali alihamia kwa mdogo wake, na kila jioni alimuuliza habari za vyura wake. Zaitun alifurahi, maana kulikuwa na siku kaka yake alishinda kitandani amegeukia ukuta.

"Kwa hiyo kinachozuia mguu usiote ni kovu?" Hamidu aliuliza jioni moja.

"Kwa namna fulani, ndiyo. Kovu likiwahi, mguu hauoti tena."

Hamidu akaendelea kula.

Wiki tatu baadaye Zaitun alisikia harufu ndani. Akadhani ni panya amekufa, akapekua chini ya vitanda na nyuma ya kabati. Siku ya pili Hamidu aliinama kuchota maji, mkono wa shati ukapanda. Bandeji ilikuwa imelowa, rangi ya kahawia.

"Kaka, hebu nione."

"Achana nayo."

Zaitun aliifungua kwa nguvu. Kigutu kilikuwa kibichi, kimechimbika, usaha ukitoka pembeni.

"Umefanya nini?"

"Kila kikitaka kufunga nakisugua na msasa. Si ulisema kovu likiwahi basi?"

"Nilisema viluwiluwi, kaka! Sikusema watu!"

"Kwani mimi nilikuwa nakuulizia viluwiluwi?"

Zaitun akakimbia kutafuta bajaji.

Hospitalini, Daktari Violeth aliwaambia usaha umefika kwenye mfupa. Ilibidi wakate tena, safari hii karibu na kiwiko.

Mama yao, Bi Rukia, alifika kesho yake kwa basi la kutoka Kondoa. Hamidu, midomo imemkauka, alimwambia jeraha liligoma tu kupona, na kwamba Zaitun amemuuguza vizuri sana. Zaitun alishindwa kuvumilia. Akamwita mama nje, kwenye benchi la wodi, akamweleza yote.

Bi Rukia alimgeukia.

"Alipokuuliza, ulijua anauliza nini?"

"Nilijua, mama. Niliona anafurahi, sikutaka kumkatisha tamaa."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akarudi ndani kwa mwanawe.

Jeraha la pili lilifunga mwezi wa saba. Hamidu alikubali kupimwa mkono wa bandia, ila alisema atausubiria Kondoa. Zaitun aliwasindikiza stendi. Mama alipokwisha kupanda, Zaitun alimshika kaka yake bega.

"Kaka, nisamehe."

"Nilishakusamehe, mdogo wangu," Hamidu alisema. "Ila habari za vyura usinisimulie tena."

Akapanda basi, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili, si upande aliosimama Zaitun.