Bonde Lililofagiwa Watu

Nimekuja na shangazi Mkawasi katika hoteli moja ya Voi kutazama picha za kale za milima yetu ya Taita. Mchana una joto, tumekula tukashiba, na mimi nimekaa kwenye benchi mbele ya picha iliyoandikwa chini yake: Bonde tupu, lisilo na mwenyewe. Naitazama mpaka kope zinalegea. Naunyoosha mguu, nao unakanyaga majani yenye umande. Njia inashuka, inapinda, inashuka tena na kunirudisha pale pale, na kila nikirudi mlima umehamia upande mwingine, na nyumba za ng'ambo ya mto zimesimama kichwa chini, mapaa yakigusa maji. Kando ya njia yuko mwanamke mwenye shanga tele shingoni, lakini mahali pa uso pana moshi mtupu. Wewe ni nani, bibi, namuuliza. Kitendawili, anasema. Tega. Nilikuwepo mchana kutwa, picha haikuniona. Nashindwa. Basi nipe mji, anasema. Sina mji, bibi, chukua bonde hili. Hilo wameshalitwaa, anajibu. Mtu aliyegeuza shingo, ndilo jibu. Mgeni mmoja mwenye sanduku la picha la miguu mitatu alitaka tutulie kama mawe mpaka amalize. Mwanangu alilia, nikamgeukia, na pichani uso wangu ukatoka kama moshi.

Ananishika mkono, tunakwenda, na harufu inatufikia kabla hatujalifikia hema la yule mgeni. Mgeni hupaka karatasi zake za picha ute wa mayai, na mayai ya kijiji kizima yamevunjwa hapa. Viini vimemwagwa ukingoni mwa mto, vimeoza, vimevimba, nzi wamevifunika kama blanketi, na watoto wenye njaa wamekaa wanavitazama. Naziba pua. Mgeni kainama ndani ya kitambaa cheusi, makalio nje, akitoa amri kwa sauti ya mtu anayefagisha ua: ondoeni wale wanawake wenye majembe, ondoeni mbuzi, zimeni moshi wa majiko. Askari wanawasukuma watu nyuma ya mwamba. Huyu abaki, anasema akininyooshea kidole, asimame penye maporomoko ya maji, picha ionyeshe urefu wa maji hayo. Namuuliza, kwa nini hutaki wenye bonde waonekane? Anajibu kwa upole, bila kunitazama: Kule kwetu hakuna atakayekuja kulima penye watu.

Natema mate chini. Nakwenda nyuma ya mwamba, nawaambia, tokeni, tukasimame mbele yake. Wanatoka mmoja mmoja, majembe begani, na bibi wa moshi kambeba mwanawe. Tunatulia. Hakuna anayepepesa jicho. Mgeni anachomoa kwenye sanduku kioo kilichonasa picha, anatuona sote humo wazi, na anakunja uso kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Analowesha leso kwa mate, anaanza kutufuta kuanzia miguuni. Naihisi leso magotini, kiunoni, kidevuni, inanuka mayai. Naitwa Mghoi, namwambia. Naitwa Mghoi. Leso inafika mdomoni.

Shangazi ananitikisa bega. Mbele yetu kasimama kijana mwenye kamera, anatabasamu kwa adabu. Samahani, mama, anasema, mngesogea kidogo, wageni wanataka picha ya ukumbi bila watu. Shangazi anaokota mkoba wake. Kaa, shangazi, namwambia. Ulimi wangu una ladha ya yai bovu, na sijui niko upande gani wa kioo. Kijana anangoja. Sisi tumeketi.