Soli Zilizolika Mbele

Baba alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na mtaani hadi leo wanamwita Mwalimu. Alipofika miaka sabini na mmoja akaanza kupotea akiwa amekaa kitini. Saba mara nane aliitafuta kama ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Kisha akaanza kujikojolea, na hapo aibu ikamfunga mdomo kabisa.

"Uzee huo," shangazi alisema. "Ubongo nao unachakaa. Mwacheni apumzike."

Nami nilikubali, mpaka siku nilipochukua viatu vyake kuvishona. Mimi ni fundi viatu. Soli hunieleza mengi kuliko mwenye mguu. Viatu vingi huanza kuisha kisiginoni. Vya baba vililika mbele, vyote viwili, kana kwamba sakafu ilikuwa imemnasa na yeye anajing'oa. Nikajiambia, usahaulifu hauli soli.

Nilimpeleka hospitali, viatu kwenye mfuko. Daktari, mama mfupi asiye na maneno mengi, alivigeuzageuza, akamtembeza baba, akaagiza picha ya kichwa.

"Ona," akaniambia, akigusa madoa mawili meusi katikati ya picha. "Haya ni maji. Kila ubongo unayo, ila ya mzee yamezidi, yanaubana. Wengi huambiwa ni uzee tu. Hili tunaweza kujaribu kulitibu."

Wakampima kwa kumtoa maji kidogo mgongoni, maana maji hayo ya ubongo hushuka hadi uti wa mgongo. Asubuhi, kabla ya kutolewa, alivuka ukumbi kwa sekunde arobaini. Jioni, kumi na tisa. Wiki iliyofuata wakamwekea mrija mwembamba wa kuyashusha maji kutoka kichwani hadi tumboni.

Si kila kitu kilirudi. Yapo majina anayoyakosa bado. Lakini mwezi wa pili baada ya mrija, shangazi alikuja kutujulia hali, akaanza kuninong'oneza namna ya kumlisha mgonjwa, baba yuko palepale kama kabati.

"Mgonjwa gani, dada?" baba akamkata kauli. "Nimeshakula, na vyombo nimeosha."

Baba akainuka bila kushika meza, akashuka ngazi zote kumi na nne, huyoo, akaishika barabara.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwa mjukuu wangu! Kesho ana mtihani, na nasikia hesabu za sehemu zinampiga chenga."

Nilimkimbilia. Nilimpata kona ya pili, nahema mimi, si yeye.