Lori Lililogeuzwa Sebule

Asubuhi lile lori la shamba la maua lilipoingizwa gerejini likivutwa kwa mnyororo, Mama Sponji alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anang'oa misumari kwenye kiti cha teksi. Misumari mizima aliibana midomoni, iliyopinda aliitupa. Alipoinua macho akaliona lori, mdomo ulikuwa bado umejaa misumari. Aliendelea kung'oa.

Hakuna mtu mtaani asiyelijua lori hilo. Ndilo lililokuwa likiwarudisha wafanyakazi nyumbani, wamesimama wamebanana kama vijiti vya kiberiti, na ndilo lililofunguka mlango wa nyuma kwenye mteremko wa kilima. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa ule waya mwembamba wa kufungia mashada. Kitindamimba wa Mama Sponji alikuwa amesimama karibu nao. Baada ya mazishi meneja wa shamba aliwaita wafiwa kwenye banda la kufungashia maua, akakohoa, akasema kampuni inalia pamoja nao, ila ukweli lazima usemwe: marehemu walikuwa wamesimama. "Wangekaa," alisema, "wasingeanguka." Ndani ya lori hilo hapakuwa hata na jiwe la kukalia. Wafiwa walitazamana, wakapewa soda, wakaenda zao. Neno lile lilimkaa Mama Sponji kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Mwenye gereji alikuwa fundi wa kuchomelea aliyeitwa Ndoto. Si kwamba alipenda usingizi. Aliletewa magari yaliyokufa, naye aliyazunguka na chaki mkononi, kichwa kakilaza upande, mpaka aone gari lile linataka kuwa nini. Gari la mikate aliligeuza kibanda cha kinyozi. Tangi la maji likawa chumba cha kulala cha mwalimu mmoja aliyefukuzwa na mkewe. Teksi aliikata katikati: nusu ya nyuma ikawa kochi ofisini kwa wakili, nusu ya mbele ikawa kaunta ya kuuzia soda, na taa zake zinawaka. Mama Sponji ndiye aliyemshonea viti vya vyote hivyo.

Safari hii mwenye shamba, ambaye watu walimwita Tajiri hata mbele ya uso wake, alitaka lori liwe la kutembezea wageni. Ndoto alilizunguka mpaka chaki ikamwishia.

"Sebule," alisema. "Naiona. Sebule yenye magurudumu. Hapa zulia, hapa friji, huku na huku viti vya sponji nene vinatazamana, juu turubai la kukunja. Wageni wanapandishwa kilimani kutazama jua likizama, kila mtu na kitu baridi mkononi."

"Kilima gani?" aliuliza Mama Sponji. Misumari alikuwa ameshaitoa.

"Kwani hapa kuna vilima vingapi, mama?" Ndoto akainama, akajitia kutafuta chaki nyingine.

Alasiri, wakati watu wanatoka makazini, marehemu walikuja. Waliingia kwa lango wakiwa na mabuti ya mpira na aproni za plastiki, wakapanda lori kwa kukanyaga tairi kama walivyozoea, wakasimama. Walijaa kama zamani. Ndoto alizima mashine ya kuchomelea ili cheche zisiwarukie, na mpakaji rangi, aliyeitwa Msasa, akasogeza makopo yake.

Mama Sponji alimwona binti yake kwenye kona ya nyuma, kilemba kimeenda upande kama kawaida yake.

"Umekula?" alimuuliza.

"Nitakula nikifika nyumbani, mama. Gari limeharibika."

"Si ushuke twende wote kwa miguu? Nyumbani si hapo tu."

Binti aliwatazama wenzake. "Nimeshapanda hili. Nitashukia njia panda."

Walisubiri dereva. Alipokosekana walishuka mmoja mmoja, wakinung'unika kama watu wanavyonung'unikia gari, wakatoka kwa lango kuelekea shambani. Kesho yake wakaja tena, na keshokutwa. Gereji ikawazoea. Ikifika saa yao Ndoto alisema, "Haya, wenye gari hao," na kazi ya juu ikahamia chini. Siku moja Msasa alikuwa ametoka kupaka ubavu wa lori rangi ya maziwa.

"Wakubwa zangu, shikamooni," alisema. "Ila huo ubavu ni mbichi."

"Marahaba," alijibu mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, na wote wakainua mikono juu kama watu wanaoporwa, wakakaa hivyo mpaka rangi iliposhika.

Ndoto alimwendea Mama Sponji kwenye cherehani yake. "Mama, ukitaka viti vya lori hili nimpe mtu mwingine, sitakulaumu."

"Ukimpa mwingine, mimi nitakulaumu wewe. Huyo mwingine anaujua mgongo wa mwanangu?"

Ndoto alimtazama, halafu akalitazama lori. "Mama, viti vilivyoagizwa ni vya wageni."

"Nimesikia. Vya wageni nitashona. Na wewe si ndiye Ndoto? Haya, lala uote na hivyo vingine."

Ndoto hakulala, ila alilizunguka lori tena. Alizunguka hata wakati wa chakula, anatafuna huku anapima kwa macho. Viti vya wageni vilikula nafasi yote ya katikati, na friji ikala kona ya mbele. Mwishoni alichora mistari mifupi ubavuni, nyuma kabisa.

"Vya kukunja," alisema. "Vikifungwa vinalala ukutani, huwezi hata kujua vipo. Ukikivuta kinashuka, kila mtu na chake, na mkanda wa kiunoni juu yake."

Alivitengeneza kwa mabaki ya viti vya makondakta kutoka kwenye mabasi yaliyokufa, akavitia bawaba za milango ya pikapu na springi ili vijirudishe vyenyewe. Alipovipanga chini kwenye mchanga vilionekana kama meno. Mama Sponji alitwaa futikamba akapanda lorini kuwapima wenye kukaa.

"Simama wima," alimwambia binti yake.

"Mama, kusimama wima ndiyo kesi yangu, na wewe unaniongezea?"

Lori zima lilicheka mpaka springi zikalia. Mzee wa kofia alijitokeza mbele. "Mimi nipime na kitambi changu, dada. Nimekufa nacho, sikukiacha kwa mtu."

Aliwapima wote. Kitambaa kilikuwa kilichobaki cha viti vya wageni, chekundu kizito, na sponji ilikuwa ya kuungaunga, isipokuwa ya kiti cha kona. Hicho alikitilia sponji mpya, nene, na hakumficha mtu. Mwenye kulalamika alimwambia amlete mama yake naye aje ashone.

Siku vilipofungwa, marehemu walipanda wakavikuta. Hawakukaa papo hapo. Kwanza walivigusa kwa vidole, kama watu walioingia nyumba ya wenyewe. Binti ndiye aliyetangulia. Alikivuta kiti, akakaa, akauegemeza mgongo wake mrefu, mabuti yakaning'inia kidogo.

"Eeh, mama," alisema. "Kumbe ndivyo?"

Wengine wakafuata. Mzee wa kofia alisinzia, akaanza kukoroma, na Msasa akapunguza redio.

Ndivyo Tajiri alivyowakuta. Alikuja kukagua kazi, shati jeupe, funguo zinazunguka kidoleni. Aliwatazama marehemu bila kushangaa.

"Hawa bado wanapanda?"

"Wanapanda, bosi," alisema Ndoto.

"Shikamoo, bosi," walisema marehemu, na kwa mazoea wakanyanyuka wote, hata waliomzidi umri. Viti vikajifunga nyuma yao, pa, pa, pa.

Tajiri aliitikia. Alipapasa viti vya wageni, akavibonyeza kwa ngumi, akasifu. Akafungua friji akaifunga. Halafu akafika nyuma.

"Na hivi je?"

"Vyao," alisema Mama Sponji.

"Nani kaviagiza?"

"Mimi."

Tajiri hakuwa mtu wa kufoka. Alimshika bega kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mama, mimi sina ubaya na marehemu. Wapande, hata kila siku, sitamkataza mtu. Lakini fikiria na wewe. Leo nikiweka viti vyao, kesho atatokea mtu aulize vya siku ile vilikuwa wapi."

"Vilikuwa wapi?"

"Unaona? Umeshauliza." Alimgeukia Ndoto. "Ving'oe."

"Bosi, ni vyuma vya kutupwa tu, na vimeshashika vizuri. Wala havimbani mtu."

"Fundi, shambani nina matrekta mawili mabovu na basi zima. Unayataka au huyataki?"

Ndoto aliyaona hapo hapo yale matrekta, nalo basi akaliona limeshakuwa kitu, lina ngazi na dirisha la duara. Ndivyo kichwa chake kilivyokuwa, hakukituma. Alitia mkono mfukoni akatoa bisibisi. Hakumtazama Mama Sponji. Alipofika kiti cha kona skrubu ya mwisho iligoma, na binti akamshikilia kiti kwa chini ili kisimwangukie mguuni.

"Asante, dada," alisema Ndoto.

"Usijali, kaka. Kazi ni kazi."

Mama Sponji alivikusanya vile viti mwenyewe, akavipanga chini ya meza ya cherehani. Msasa alimletea chai, akamwambia anywe. Hakuinywa.

"Hakusema viti ni vibaya," alisema. "Umemsikia? Hakusema havitoshi, hakusema vinachafua. Anavikataa kwa sababu ni vizuri."

"Nimemsikia, mama."

"Basi niambie mimi sina wazimu."

"Huna, mama. Kunywa chai."

Siku ya kuzindua lori, wageni walikuja gerejini alasiri wamevaa vizuri, wakapanda kwa ngazi ya kukunja ambayo Ndoto aliiota mwishoni. Walikaa kwenye viti vyekundu, wakasema jinsi vilivyo laini. Friji ilifunguliwa. Muziki ulitoka kwenye spika za pembeni. Mtu aliuliza kazi hii yote imefanywa wapi, akaambiwa hapa hapa, akasema haiwezekani.

Kisha marehemu wakaja, wakakanyaga tairi, wakapanda, wakasimama nyuma kati ya wageni na mlango. Dereva safari hii alikuwepo, nao walifurahi. "Leo tunafika," mzee wa kofia aliwaambia wenzake. Mgeni mmoja mwanamke, mtu mwenye adabu zake, alivuta mkoba wake karibu ili wapate pa kuweka miguu. Binti alikuwa kwenye kona yake. Ubavuni, pale kiti chake kilipokuwa, Msasa alikuwa ameziba matundu ya skrubu na kupaka rangi juu, na kazi yake ilikuwa safi, hayaonekani.

Tajiri alisimama mbele akapiga makofi. Aliwakaribisha wageni, akawashukuru mafundi, akaomba dua fupi. Halafu akapaza sauti kupita vichwa vya wote.

"Na nyinyi huko nyuma, kaeni! Kusimama kwenye gari linalotembea ni hatari. Haya, mbele ya watu wote hawa, nimewaambia. Kaeni."

"Ndiyo, bosi," walisema marehemu. Walitazama chini, wakatazama ubavuni, wakabaki walivyo.

"Amewaambia vizuri kabisa," alisema yule mwanamke mwenye mkoba. Aliwasubiri kidogo. "Jamani, watu wengine hata uwaambieje."

Wageni walitikisa vichwa kwa huruma. Lori liliondoka.

Mama Sponji alikuwa amesimama langoni, kiti cha kona kakipakata kama mtoto. Lori lilipompita alisema, "Wakae wapi?" Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei. Halafu alianza kulifuata. Alikimbia kadiri magoti yalivyomruhusu, ndara moja ikamvuka, akaiacha.

"Wakae wapi? Mwulizeni! Nyinyi mliokaa, mwulizeni! Wakae wapi?"

Alikiinua kile kiti juu ya kichwa kwa mikono miwili, akakitikisa ili wakione. Spika zilikuwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Wageni walimwona mama mtu mzima katikati ya barabara ameinua kitu chekundu, anakipungapunga, wakadhani anawaaga. Waliguswa. Wote walimpungia mkono, na mmoja akambusu kwa mbali. Binti naye alitaka kumpungia, lakini lori lilikuwa limeanza kupanda kilima, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika bomba la turubai.