Sikio la Bibi Mwaija

Bibi yangu Mwaija alizikwa Kerege siku ya Jumatatu. Nilifika kesho yake kwa lori, kutoka shule ninakofundisha, na mama alipokwisha kuitikia shikamoo yangu alisema, "Keshokutwa tunaanua matanga. Ulichomwahidi unakikumbuka?"

Nilikikumbuka. Kwetu mjukuu ni mtani wa bibi yake. Bibi aliniita mke mwenzake, eti nimekuja kumnyang'anya mume, ingawa babu alikufa kabla sijazaliwa. Na mtani ndiye anayemwigiza marehemu matangani: huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, watu wakacheka. Likizo iliyopita Bibi alinishika mkono. "Siku yangu unicheze wewe, Ashatu. Usimwachie Mwanvita peke yake, atanikosea."

Niliahidi, mimi ambaye siku ya kwanza darasani niliandika jina langu ubaoni kwa kuona haya kulitamka.

Alhamisi, hitima ilipokwisha kusomwa, wanaume walibaki barazani, sisi tukakaa uani. Mwanvita, mtani wetu wa Msata, akatoka chumbani amejitanda kanga ya Bibi. Alipinda mgongo, akatega sikio la kulia.

"Eti nini? Wali umeiva? Hilo nimelisikia."

Wanawake wakacheka. Mimi sikuweza.

"Sikio hilo ndilo lililokuwa bovu," nikasema kabla sijafikiri. "Alisikilizia la kushoto."

Mwanvita akajinyoosha. "Kumbe mke mwenza yupo. Nilidhani huko chuoni walikukata ulimi. Basi njoo, mwalimu, utusomeshe." Akaivua kanga, akanitupia.

Ilinukia karafuu na moshi. Watu wote walinitazama. Mama aliinamisha kichwa, nadhani ili asinione nikishindwa. Nikajitanda. Nikaweka mkono kiunoni kama Bibi, na jambo pekee lililonijia ni asubuhi ile ilipoletwa barua ya kuniita chuo cha ualimu. Mjomba Kibwana, mwanawe mkubwa, alisimama mlangoni akasema mtoto wa kike hatoki hapa kwenda kulala kwa watu. Sasa mjomba huyo huyo alikuwa barazani, nyuma ya ua wa makuti, na kila neno la uani lilimfikia.

Nilivuta upindo wa kanga, nikalifunika sikio la kushoto taratibu.

"Kibwana, baba, sema tena. Sijasikia."

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Nikasogea hatua mbili, sikio nimelifunika vile vile.

"Sema kwa nguvu, mama yako mzee. Unasema aende? Ahaa, aende. Mungu akuweke, baba. Ashatu, funga mzigo, mjomba wako kakubali."

Wanawake walicheka wakipiga mapaja. Barazani mazungumzo yalikatika, nikaanza kuivua kanga.

"Mimi sikukubali," sauti ya mjomba ikasema nyuma ya makuti. "Nilikataa mara nne. Mara ya nne akaniambia, haya, nimekusikia, mtafutie mtoto kamba ya sanduku."

"Ukatafuta?" Mwanvita akauliza.

"Nikatafuta. Na mpaka kituo cha lori nikalibeba." Tukamsikia akipenga kamasi. "Mama yangu yule. Alisikia kila kitu."

Mama alikuwa akicheka na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Tangu Jumatatu hakuwa amelia mbele ya watu wala kutia chakula kinywani. Alijifuta kwa kiganja, akamwambia jirani amsogezee sahani.

"Usikae," akaniambia. "Mcheze alivyokuwa akigombana na kuku."

Nikaifunga kanga upya, nikawafokea kuku wa Bibi mmoja mmoja kwa majina aliyowapa, ya mawifi zake, mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri.