Tumbili wa Totaram

Totaram alikuwa amekatazwa kufungua mdomo. Wakili Saxena alimwambia hivyo mlangoni mwa mahakama, akarudia walipoingia ndani, kisha akamkanyaga mguu ili kuhakikisha ameelewa. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe, kifungo hadi miaka miwili, na Totaram alikuwa na miaka sitini na tisa na meno yasiyotosha kutafuna chakula cha jela.

Kisa chenyewe mji mzima wa Mathura, huko India, ulikijua. Jumanne moja tofali liliporomoka kutoka juu ya paa la Totaram, likamwangukia jirani yake Gendalal, aliyekuwa ameketi chini ananyolewa ndevu. Kinyozi alibaki na wembe mkononi. Aliyeliangusha tofali ni tumbili, na watu sita walimwona.

"Mheshimiwa," Saxena alisema, "mteja wangu atalaumiwaje kwa ukorofi wa mnyama? Hawa tumbili ni wezi na wahuni. Wanawapokonya watu hata miwani."

Hakimu aliitikia kwa kichwa. Yake ilipokonywa juzi. Kesi ilikuwa inaelekea kufutwa.

Lakini Totaram damu ilimchemka. Miaka thelathini amewalisha tumbili wale kila Jumanne kwa heshima ya Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye sura ya tumbili, leo wanatukanwa mbele yake, tena Jumanne. Saxena akamkanyaga kwa mara ya pili. Haikusaidia.

"Wakili, koma," alisema. "Mheshimiwa, tumbili hana kosa. Alikuwa anavuta chapati yake."

"Chapati gani?" hakimu alidakia.

"Niliyomwekea mimi, ukingoni mwa paa. Upepo ulikuwa mkali, nikaikandamiza kwa tofali isipeperuke."

Saxena alifunga faili lake.

"Kwa hiyo ulijua ataivuta?" hakimu aliuliza.

"Sasa angeilaje, Mheshimiwa?"

Watu waliangua kicheko. Totaram hakucheka, maana ndiyo kwanza alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Miezi saba amemlilia Gendalal, mwenzake wa karata tangu ujana, huku akijiambia ni bahati mbaya tu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akamgeukia mjane wa Gendalal, aliyekaa benchi la mbele.

"Shemeji, tofali nililiweka mimi."

"Najua," mjane alisema. "Nilikuwa dirishani, nikakuona. Miezi saba nakungoja uje uniambie."