Chachu Chini ya Joho

Shamimu alifika mtaa wa Isevya na maembe kutoka kijijini Kwihara yaliyoiva mpaka yanatoka maji, akayatua barazani kwa Agnetha na kutangaza kwamba leo hataki visingizio, ule mkate wa matunda lazima upikwe. Yeye ndiye aliyempa Agnetha chachu, kijiko kimoja tu cha unga na maji yaliyochachuka yenyewe bila hamira ya dukani, akamwonya ailishe unga kila siku kama mtoto mchanga. Agnetha aliilisha kwa bidii, mpaka kilimo kilipoanza, akaisahau. Ndivyo alivyo Agnetha, huanza kwa vigelegele.

"Umeiweka wapi?" Shamimu aliuliza.

"Kabatini chumbani. Jikoni sisimizi wangeimaliza."

Akaenda kuitoa chini ya nguo za mumewe, Luhende. Kopo lilikuwa limefura, kifuniko kimenyanyuka, na maji ya kijivu yanaelea juu. Shamimu alinusa, akaangua kicheko.

"Haijafa, mwaya. Ina njaa tu. Ikikosa unga hunuka pombe. Mama mkwe wangu alitaka kunirudisha kwetu, alidhani napika gongo!"

Agnetha hakucheka. Alilichukua kopo, akanusa, akanusa tena. Harufu ile aliijua. Ndiyo aliyoikuta kwenye joho la kwaya la Luhende, joho lililokuwa likining'inia kwenye kabati hilohilo, juu ya kopo hilohilo.

Luhende alikuwa mlevi, hilo Isevya nzima inalijua. Kisha akaacha. Aliacha kweli, mpaka usharika ukampokea tena na kwaya ikamrudishia joho, maana sauti nzito kama yake walikuwa hawana. Agnetha alipolikuta joho linanuka hakutaka maelezo. Alilia, alifoka, na asubuhi akaenda kwa Mzee Benjamini, mzee wa kanisa, na joho mkononi kama ushahidi. Wazee walimwita Luhende, akakana. Nyumbani akakana. Walipomwita tena akasema, "Nilikunywa." Wakamvua joho na kumzuia Meza ya Bwana. Kinamama wakamsifu Agnetha kuwa ni jasiri, hamwonei haya hata mumewe. Naye, tusimfichie, sifa zile alizifurahia.

"Mbona umeduwaa?" Shamimu alimgutusha. "Menya maembe."

Wakayaponda, wakachanganya na mayai, sukari, mafuta, unga na chachu yote, wakatia magadi soda, kwa sababu mkate huu haungoji kuumuka. Sufuria ikapaliwa makaa chini na juu ya mfuniko. Shamimu alipiga soga peke yake. Agnetha aliitikia tu "ee", huku akiwaza kwamba Shamimu hajui lolote la joho, kwamba kopo likioshwa hakuna atakayejua. Wazo hilo lilimjia tamu kabisa, na utamu wake ndio uliomtia aibu kuliko kosa lenyewe.

Luhende alirudi kutoka karakana yake ya useremala Kanyenye, Shamimu keshaondoka. Agnetha akamkatia kipande.

"Mtamu," Luhende alisema. "Umetia nini?"

"Maembe. Na chachu. Ilikuwa kabatini, chini ya joho lako. Ilikuwa inanuka pombe."

Luhende aliacha kutafuna.

"Baba Tabitha, kwa nini ulisema ulikunywa?"

Luhende alipangusa makombo kwenye goti. "Kila nikikataa ulikuwa unalia mpaka pumzi inakukatika. Nilipokubali, ukalala. Nikaona yaishe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka. Agnetha alipiga magoti palepale sakafuni, akamwomba msamaha, na Luhende akamwinua kwa mikono miwili, lakini kipande cha mkate hakukimaliza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Luhende, ambaye tangu avuliwe joho hakuwa akivuka geti la kanisa, alimfikisha mkewe getini kwa baiskeli. Wakati wa matangazo Agnetha alisimama bila kuitwa, akaeleza yote: chachu, kabati, joho, ulimi wake. "Mume wangu hakunywa," alisema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Kisha mtu wa nyuma akasema "Amina", na minong'ono ikaanza.

Ibada ilipokwisha kinamama walimzunguka, wakamkumbatia mmoja mmoja. Mzee Benjamini alimshika mkono kwa huruma.

"Mama Tabitha, umefanya vizuri kumsitiri mumeo. Mke wa namna yako ni baraka."

"Simsitiri, mzee! Ni kweli, hakunywa!"

"Tunaelewa, mama," alisema taratibu. "Tunaelewa kabisa. Yeye mwenyewe si alikiri mbele yetu?"

Agnetha alizitazama nyuso zao. Zilikuwa nyuso njema, zenye upendo, zilezile zilizomwamini papo hapo siku aliyopeleka joho. Alijaribu tena, akataja harufu, akataja njaa ya chachu. Mama mmoja akampigapiga mgongoni, akamwambia asijitese.

Luhende alikuwa akingoja getini, mkono kwenye usukani wa baiskeli. Alipomwona mkewe anakuja, alisogea hatua moja.

"Wamesemaje?"

Agnetha alishindwa kumtazama usoni.

"Wamenisifu," alisema, machozi yakimtoka. "Baba Tabitha, wamenisifu tena."